Baba Mkwe Kwenye Televisheni

Hapa Bujonde yupo mtu mmoja tu aliyewahi kuwafukuza wanawake wote wa nyumba nzima hadi migombani bila kunyanyua mkono. Anaitwa Gwamaka. Alitumia kompyuta, na mpaka leo anaapa kwamba kazi ile aliiandika mwenyewe. Mwenyewe! Ngoja niwaeleze huo umwenyewe wake.

Kwanza mnijue mimi. Naitwa Tusekile, mke wa Angetile, mtoto mkubwa wa nyumba ile. Jina la baba mkwe wangu sitalitaja, na si kwamba nimelisahau. Kwetu mke wa mwana hataji jina la baba mkwe, hamtazami usoni, na akimsikia anakuja anaingia migombani mpaka apite. Siku hizi familia nyingi zimeacha. Yetu haijaacha. Nimemzalia yule mzee wajukuu na sura yake siijui. Namjua kwa kikohozi na kwa viatu.

Sasa Gwamaka. Alikwenda Mbeya kusomea kompyuta, akarudi na laptop, mkoba wa mgongoni na miwani ambayo macho yake hayaihitaji. Alikuwa anamtaka wifi yangu, Tupokigwe. Posa ilishapelekwa na mjomba wake, Ambrose. Mzee hakukataa wala hakukubali. Alisema jibu atalitoa siku ya jubilei ya ndoa yake, akiwa na ndugu wote, hata wale wa ng'ambo ya Songwe. Tupokigwe wa watu alianza kukonda kwa kusubiri.

Kijana mwenye akili zake angeleta jogoo, au angekuja kusaidia kuvuna mpunga. Huyu wetu akatangaza kwamba ataandika programu. Siku ya jubilei zitaonekana picha za mzee tangu ujana wake, na sauti ya mzee mwenyewe itawakaribisha wageni. Nikamuuliza, picha na sauti si hata simu yangu inaweza?

Akavua miwani. "Shemeji, simu yako inacheza kilichotengenezwa na watu wengine. Mimi natengeneza mwenyewe, kwa lugha ya Python."

Shemeji! Posa haijajibiwa, mtu ameshanipa ushemeji.

Basi akaja kukaa barazani kwetu na laptop yake, mimi napepeta mchele pembeni, namwona. Alifungua ukurasa wa mtu mwingine kwenye mtandao, akanakili, akabandika. Nilipomuuliza akasema hiyo inaitwa maktaba: watu walishaandika zamani namna ya kufungua picha na kupiga sauti, wewe unaiita kwa neno moja tu inakufanyia. Hakuna ubaya. Lakini ndugu zangu, ukipeleka mpunga mashineni ukakobolewa, utarudi nyumbani useme umeukoboa kwa meno yako?

Halafu akaanza kufuta. Mistari mingine aliyoinakili hakuipenda. "Hii yote ni ya kusikiliza," akasema. "Inasikiliza mtu akibonyeza kitufe, inasikiliza mtu akitaka kufunga. Nani atafunga kitu kizuri namna hii? Naiondoa, kazi iwe fupi."

Na Tupokigwe alivyokuwa anamtazama, ungedhani kijana anagawa mvua.

Siku ya jubilei ikafika. Gwamaka aliazima televisheni mbili kubwa kutoka banda la kuonyeshea mpira. Moja akaiweka chini ya turubai mbele ya wageni. Ya pili akaipandisha juu ya meza, akaielekeza jikoni. Spika ya kuchaji, ile inayopokea sauti kwa blutuu, aliifunga kwa kamba juu ya paa la banda la kokoa, nyuma ya jiko, eti mpaka watu wa Matema wasikie. Ngazi ilikuwa ya kanisani, na wenyewe wakaja kuichukua.

Nikamwita pembeni nikamwambia taratibu, kwa heshima zote. Jikoni tupo wake wa wana. Hiyo picha haiwezi kutukalia machoni. Geuza.

"Shemeji, hiyo ni picha tu," akasema. "Teknolojia haina baba mkwe."

Huyo ni mtoto wa Kinyakyusa, jamani. Mama yake mzazi anamkimbia baba mkwe wake kuliko sisi sote! Nikarudi kwenye sufuria zangu. Wali ulikuwa umeanza kukauka, na samaki, mbasa wa ziwani, alikuwa ndani ya mchuzi.

Mchungaji alipomaliza kuomba, Gwamaka akasimama mbele ya wageni, akaeleza kwa kirefu jinsi alivyokesha akiandika. Kisha akabonyeza.

Picha ya kwanza tuliiwahi, tukageuka tukatazama moto. Picha ya mwisho ndiyo ilikuwa sura ya mzee peke yake, kwa karibu, imejaa kioo chote kama mlango. Na hapo hapo sauti ikatoka juu ya paa, nyuma yetu: "Karibuni wanangu. Sogeeni karibu, msiogope."

Weee! Mbele macho, nyuma sauti! Tukuswiga, mke wa shemeji yangu Amon, alitupa mwiko. Mimi nilitoka na kifuniko cha sufuria mkononi, nacho ndicho nilichojifunika usoni. Tulikutana sote migombani tumechuchumaa.

Tulidhani ni mara moja. Sauti ikarudi: "Karibuni wanangu. Sogeeni karibu, msiogope." Ikarudi tena. Tukasubiri. Ikarudi tena!

Kule kwenye turubai Gwamaka alikuwa anabonyeza kibodi kama mpiga kinanda. Programu haimsikii. Ingemsikiaje, na masikio yake aliyakata mwenyewe barazani kwangu? Picha imeganda, inaziba kioo chote, hakuna pa kubofya. Watu wakamwambia azime laptop kwa nguvu, akakataa, kazi yake itaharibika. Mume wangu akachoka, akaenda akachomoa waya wa umeme. Televisheni zikafa. Lakini laptop ina chaji, na spika ina chaji, na spika iko juu ya paa, na ngazi iko kanisani.

"Sogeeni karibu, msiogope."

Sasa harufu ikaanza. Wali unaungua. Tunaiona sufuria, tunauona moshi, na hakuna mwenye ubavu wa kutoka wakati sauti ile inaongea. Nililia, siwafichi. Mchele ule niliupepeta mimi, kwa siku kadhaa, kwa ajili ya wageni wa nyumba yangu.

Ndipo mzee mwenyewe akanyanyuka kuja jikoni kuangalia kinachoungua. Tukasikia kikohozi, cha kweli. Tukaingia migombani ndani zaidi.

Kwenye turubai kuna mtu akapiga kelele kwamba blutuu haifiki mbali. Gwamaka akainyakua laptop, waya zikakatika, akakimbia nayo kuelekea mashambani. Spika ikaanza kugugumiza: "Sogeeni... msi... wanangu... msio..." Akazidisha mbio, anatazama nyuma kusikiliza kama imenyamaza, na aliyetazama nyuma hakuuona mfereji. Akaingia kwenye jaruba la mpunga kwa kifua, laptop ikitangulia.

Kimya.

Wageni walikula ndizi za kuchemsha na soda. Gwamaka aliletwa mbele akiwa na tope mpaka kwenye miwani, Tupokigwe akiwa ameshika khanga mdomoni, hajui alie au acheke. Ambrose, mjomba wa watu, aliuliza kwa sauti ya chini kama lile jibu liahirishwe.

"Jibu lipo," mzee akasema. Maneno haya nililetewa na Angetile. Mimi bado nilikuwa migombani. "Posa nimeipokea. Binti yangu anamtaka, sitamkatalia. Lakini kijana huyu amewafukuza wake wa wanangu jikoni mwao kwa sura yangu. Kuanzia leo na yeye atanikimbia kama wao. Akinisikia nakohoa, aende migombani, mpaka siku nitakayomwita. Ndaga fijo, asante sana, kwa picha."

Watu walicheka mpaka mchungaji akatafuta kitambaa. Tupokigwe naye alicheka, na sidhani kama Gwamaka amemsamehe.

Juzi nilikwenda kwa mzee kuchukua mkungu wa ndizi. Kikohozi! Nikapotelea migombani, Tukuswiga yuko nyuma yangu. Tukamkuta Gwamaka ameshafika. Alikuwa amechuchumaa, suruali imepigwa pasi, kachukua ile sehemu nzuri isiyo na siafu.

Akaanza kutunong'oneza kwamba kosa halikuwa lake. Ile mistari aliinakili kwenye mfano wa mchezo wa kompyuta, ambao muziki wake unatakiwa urudie bila kukoma, na kuna namba moja tu pale alitakiwa aibadilishe, na kwa kweli hiyo maktaba ingekuwa imeandikwa na yeye mwenyewe...

"Gwamaka," Tukuswiga akamwambia. "Nyamaza, baba mkwe anapita. Na usogee, tukae wote."

Akasogea kwenye siafu.