Kata ya Tisa Imepakwa Nyekundu na Harusi Imesimama

Ndugu Mhariri,
Gazeti la Sauti ya Nolbunia.

Assalamu alaikum, na kama nawe una homa, pole kwanza. Mimi ni Mofizul Talukdar wa Kata ya Tisa, nyuma ya bwawa. Muulize mwendesha riksho yeyote, atakuleta kwangu akiwa amefumba macho. Shule niliishia darasa la nane, ila hesabu nilikuwa naikimbiza mpaka mwalimu ananiomba nimsubiri. Nalalamika, kwa heshima zote, kuhusu ramani yenu ya homa ya dengi, kama ifuatavyo:

1. Jumatatu mliipaka kata yetu rangi nyekundu, nyekundu ya pilipili. Jioni hiyohiyo akanipigia simu Bwana Lutfar Khondokar wa Kata ya Nne, ambaye mwanawe anamwoa mpwa wangu Parul. Akasema, "Talukdar, kwenu huko si mtaa tena, ni wodi. Simleti mwanangu akaozwe mbu!" Akakata. Tangu hapo Parul amejifungia chumbani. Mama yake, dada yangu mjane, ananitazama kana kwamba ramani niliichora mimi.

2. Chumba pekee cha kupimia dengi mjini kiko kwetu. Kata ya Nne hawana hata kipimajoto. Kwetu mtu akitetemeka anahesabiwa. Kwao akitetemeka anaambiwa avae sweta. Ndiyo maana wao ni weupe kama maziwa. Mhariri, hiyo ni ramani ya homa au ya vyumba vya kupimia?

3. Nimefanya uchunguzi wangu binafsi. Nilipita nyumba kwa nyumba, nikipewa chai kila mlango, na wagonjwa wote niliowaona hawajazi riksho tano. Gazeti linasema mia mbili na kumi. Hao wengine wanalala wapi, juu ya minazi? Na mbu wetu wananiheshimu. Mwaka wa mafuriko mmoja aliniuma shingoni, akaanguka palepale, ndugu zake wakaja kuchukua maiti.

4. Kwa kuwa kupima ndiko kunakozaa namba, na namba ndizo zinazozaa wekundu, naomba mshauri chumba kile kihamishiwe Kata ya Nne mpaka harusi ipite. Ikishindikana, wapimaji wapewe likizo. Nchi nzima ikiacha kupima kwa wiki moja, dengi itakosa pa kuandikwa na itaondoka yenyewe.

5. Na hilo nalo likiwa zito, basi nakala moja tu, ile ya Bwana Lutfar, mchape Kata ya Tisa ikiwa kijani. Wino nitanunua mimi.

Naomba jibu haraka. Mpishi wa biriani anauliza kila asubuhi, "Vipi mzee, tunaoza au hatuozi?" na mbuzi niliyemfunga uani ameshakula lungi yangu mpya, ile shuka ya kujifunga kiunoni.

Wasalimie wachapaji, wauza magazeti na watoto wao wote. Mimi hapa, mwenye kudai haki bila kupandisha sauti,

Mofizul Talukdar

Baada ya kusaini: Barua hii usiichape. Nilikuwa natafuta stempu, mara Bwana Lutfar huyo akaingia kwangu amejifunga blanketi, meno yanagongana. Kwao hakuna pa kupimwa, na hapa kwetu wakazi wa kata hupita mbele, wageni hukaa foleni hadi jioni. Nikamwambia, "Mkwe mwenzangu, usiteseke bure. Sema unakaa kwangu. Jamaa zangu wote wa mashambani na rafiki zao nimewapitisha hivyohivyo mwezi mzima, na hakuna aliyepigwa jua." Akaandikwa mkazi wa Kata ya Tisa, akapimwa, akakutwa nayo. Sasa amelala sebuleni kwangu chini ya chandarua, Parul anamnywesha madafu kwa kijiko, na aibu inamtoa jasho kuliko homa. Asubuhi hii amenishika mkono akasema, "Nikisimama tu, tunaozesha. Nitakataaje kuja nyumba ninayokaa?" Kesho wanakuja kupimwa mkewe, shemeji zake na majirani zake, na wote, bila shaka, wanakaa kwangu. Kwa hiyo chumba kibaki palepale kilipo. Na namba zikipanda msishtuke, Mhariri. Hao ni wageni wa harusi.