Meneja Asiyefika Óbidos

Jumatatu, 16 Juni
Joto nyuzi arobaini na tano. Leo mimi na mke wangu Hilwa tumepeleka maombi ya viza. Miaka ishirini ya ndoa, na yote ishirini nimemwahidi safari. Mji kauchagua mwenyewe: Óbidos, mji mdogo wa kale kule Ureno, umezungushiwa ukuta, nyumba nyeupe zenye michirizi ya buluu. Picha yake imekaa kwenye friji tangu tulipohamia hapa mtaa wa Garhoud, huku ughaibuni. Mimi ningependa Paris. Lakini Abdullatif, kaka yake Hilwa, keshafika Paris mara tatu na hachoki kututajia. Óbidos hajafika. Basi Óbidos.

Kuna jambo dogo. Barua ya mwajiri. Mimi ni mtunza ghala la vigae, mtaa wa viwanda wa Al Quoz. Ukoo wa Hilwa unajua ni meneja, maana ndivyo nilivyosema siku ya posa, na hakuna aliyeuliza tena. Hilwa anajua ukweli. Kaninyamazia miaka yote. Nimejiandikia barua mwenyewe kwenye karatasi ya kampuni: Meneja Mkuu wa Shughuli. Imependeza. Hilwa kaandika mwalimu msaidizi wa chekechea. Nilimshauri aongeze kidogo, akakataa. Nikamhurumia.

Ijumaa, 20 Juni
Abdullatif na mkewe Sheikha wamekuja kula. Hilwa kawaonyesha picha. Kabla ya chai Abdullatif kashasema nao wanakwenda, tarehe zilezile, hoteli ileile. Viza anayo ya miaka mitatu. Kaitaja mara mbili.

Nikamvuta Sheikha pembeni. Nikamwambia ule ukuta unatembelewa juu kwa juu, hauna hata kishikio, mtu akiteleza ndiyo khalas. Nilitaraji aogope. Akapiga makofi, akasema amechoka na maduka, na hilo ndilo analolitaka. Akamwita mumewe nimhadithie tena.

Alhamisi, 3 Julai
Pasipoti zimerudi. Ya Hilwa ina viza. Yangu ina karatasi.

Walipiga simu kazini kuhakikisha. Kapokea Sir Raed mwenyewe, mwenye kampuni. Akawajibu kwamba mameneja anao wawili, wote wanawe, na hakuna anayeitwa Munir. Kisha akaniita. Hakupandisha sauti. Aliniuliza Meneja Mkuu ni nani, ili ampishe kiti. Nimepewa barua ya onyo. Sikuwahi kuandikiwa barua ndefu namna ile.

Josephat, dereva wetu wa mashine ya kunyanyulia mizigo, kijana wa Moshi, alikuwa anangoja saini mlangoni. Alisikia. Jioni ghala zima likawa linaniamkia: shikamoo Meneja. Hata Wapakistani wamejifunza.

Ijumaa, 4 Julai
Nimempa Abdullatif habari kwa namna yangu. Nimemwambia kampuni imenizuia, kazi haziendi bila mimi. Hilwa alikuwa anamimina chai. Akasita, birika mkononi, akanitazama. Nikadhani ananionea huruma.

Abdullatif akauliza, je, Hilwa naye abaki? Hapo nikaona nafasi. Mke wa miaka ishirini hamwachi mumewe. Basi nikajitia ukarimu, nikasema mbele ya wote: nenda, mke wangu, usinijali mimi.

Akasema ahsante. Akaenda kutoa sanduku.

Jumamosi, 12 Julai
Wameondoka. Nimewapeleka uwanjani kwa gari ya Abdullatif, nikairudisha kwake Mirdif na kupanda basi kurudi nyumbani. Hilwa alivaa buibui jipya. Kaniachia samaki wa kupaka siku nne, kila kibakuli kimeandikwa siku yake. Nimekula wa Jumapili na Jumatatu leo hii.

Jumanne, 15 Julai
Picha kumi na saba. Hilwa mlangoni mwa ngome. Hilwa chini ya maua ya zambarau. Hilwa ndani ya kanisa la zamani lililogeuzwa duka la vitabu. Anacheka zote. Mara ya mwisho kucheka hivyo nyumbani kwetu sikumbuki.

Nikamwandikia kwamba nimeanguka bafuni, kifua kinabana, lakini asikatize safari. Hilo la mwisho nililitia ili aikatize.

Saa nzima kimya. Kisha kengele. Mastula, jirani wa ghorofa ya nne, nesi. Hilwa kamwomba anitazame. Nikamfungulia mlango na kuku wa kukaanga mkononi. Akanipima presha, akasikiliza kifua. Nilimsihi amwambie Hilwa hali ni ya wastani. Akasema keshamtumia majibu.

Jumatano, 16 Julai
Hilwa kapiga simu mwenyewe. Nilisikia upepo. Alikuwa juu ya ukuta, peke yake. Wengine wamekwenda kupumzika. Nikaanza kueleza kuhusu presha, jinsi inavyopanda na kushuka. Akanikatiza.

"Munir, ungeandika mtunza ghala, leo tungekuwa wote hapa."

Nikasema watu wa viza hawajali watunza ghala. Akasema yeye wamemjali, na ni msaidizi wa chekechea.

"Kaka yangu anajua," akasema. "Anajua tangu mwaka wa kwanza. Alikukuta ghalani unahesabu masanduku, akarudi zake ili asikuaibishe. Wote wanajua. Ni mimi tu niliyekuwa nasema uongo kwa ajili yako, nao wananiachia."

Akaendelea, taratibu, kama anayefunza wale watoto wake. Jumapili wanarudi. Nije uwanjani, nimwambie Abdullatif kwa kinywa changu mwenyewe mimi ni nani. Nikifanya hivyo tunakwenda nyumbani. Nisipofanya, anakwenda Mirdif kwa kaka yake, na hajui atakaa muda gani. Kisha akasema jua linazama kule na ni zuri, akakata.

Jumamosi, 19 Julai
Siku tatu sikulala vizuri. Nimefikiri sana, kwa unyenyekevu. Hilwa kasema kweli. Nimekuwa mjinga miaka ishirini, na kesho nitaungama mbele ya shemeji, wazi, bila kupinda.

Sir Raed kaenda Muscat hadi Jumanne. Ufunguo wa Lexus yake uko ofisini, kwa ajili ya kuoshwa. Nitaiosha. Kisha nitapita nayo uwanjani, maana nimetafuta na sikuona aya inayosema mtu lazima aungame akiwa amesimama kwenye foleni ya teksi.

Maneno nimeyapanga mbele ya kioo. Nitamwambia: Abdullatif, mimi nilikuwa mtunza ghala. Nilikuwa. Ni kweli tupu, hata Hilwa hataweza kuipinga. Na shemeji akitazama gari na kuuliza siku hizi ni nani, hilo ni swali jingine, na jibu lake nimeshaliandaa.