Sekunde Arobaini Nyuma ya Lorne

Jumatatu, 2 Machi

Stefka wangu,

Televisheni ya kebo imekufa. Ushirika wa simu umeing'oa katika mji mzima. Sasa picha zinakuja kwa intaneti, njia ileile inayoleta barua pepe za dada yako, kwa hiyo sikutegemea mengi. Fundi alitoka Saskatoon. Mama mmoja mpole, Darlene. Alifunga kisanduku kidogo kama sabuni, akanifundisha rimoti mara tatu. Picha safi! Nimeona chunusi ya mtangazaji.

Alasiri nikaketi kutazama kaling, mawe yetu ya kutelezeshwa kwenye barafu hadi katikati ya duara. Mchezaji ameshika jiwe, hajalisukuma, mara Lorne Fehr akapiga kelele ng'ambo ya ukuta: “Limeingia! Limeingia katikati!” Nikacheka. Jiwe likateleza juu ya barafu, taratibu, likaingia katikati.

Likafuata jingine. Kelele kwanza, jiwe baadaye. Mara sita.

Ama Lorne amekuwa nabii, ama kisanduku ni kibovu.

Jumanne, 3 Machi

Nimempigia Darlene. Anasema kisanduku ni kizima. Picha ya intaneti hukatwa vipande, husafirishwa, hukusanywa tena, na vingine huwekwa akiba isije ikakwama. Kwa hiyo nachelewa sekunde arobaini. Lorne anatumia antena ya kwenye paa, yeye anapata papo hapo. Nikauliza dawa yake. Akasema, “Mzee Baziuk, dawa yake ni kutosikiliza ukuta.”

Miaka thelathini na mitano tumegawana ukuta na Lorne. Huo ukuta hausikilizwi, unajisemea wenyewe.

Jioni tulikutana tukizoa theluji kwa koleo. Akaniuliza, kwa sauti tamu, nimeonaje mchezo wa jana. Nikasema mzuri. Akasema, “Wa kwangu au wa kwako? Maana wa kwako ulikuwa bado njiani.” Akacheka mpaka akashika mti.

Jumatano, 4 Machi

Sikulala mchana. Nilifikiri. Kama mtu anaweza kuchelewa, basi yupo anayeweza kuwahi. Na anayewahi ni nabii.

Nimeitoa redio yako ndogo ya jikoni. Bado ina unga kwenye kitufe, sikuufuta. Stesheni yetu inatangaza kaling moja kwa moja, na redio haipiti kwenye intaneti. Nimejaribu: redio ikasema jiwe limekosa, nikahesabu, na katika arobaini na moja jiwe likakosa kwenye kioo cha televisheni. Nilibusu redio.

Mpango wenyewe ni huu. Jumapili ni fainali ya taifa. Nitamwalika Lorne atazame kwangu, kwenye kioo kikubwa. Redio ndani ya sweta, waya wa sikioni chini ya kofia ya manyoya. Tutashindana kutabiri mawe. Mimi nikishindwa, achukue mashine yangu ya kuondoa theluji. Akishindwa yeye, atoe sufuria yako ya kuokea.

Ile ya bluu yenye madoa meupe. Ndiyo iliyobeba chakula chako cha mwisho kwenye karamu ya mavuno. Chini yake uliweka utepe na jina letu kwa mkono wako, ile K yenye mkia kama wa kuku. Lorne anayo tangu siku chache kabla ya mazishi yako. Miezi kumi na moja! Kumwomba siwezi. Ataniuliza kama ulimwazima au ulimpa, nami sikumbuki. Nikionekana sikumbuki hilo, watu watasema nimesahau mangapi mengine.

Ijumaa, 6 Machi

Lorne amekubali. Haraka mno. Alipotajiwa sufuria akawa mwekundu, akatazama viatu. Mwenye hatia huyo.

Jumapili, 8 Machi

Niandike kila kitu, hata kama naona haya.

Lorne alikuja saa tisa na kachumbari ya matango. Akauliza kwa nini nimevaa kofia ndani ya nyumba. Nikasema sikio lina baridi. Akauliza kwa nini tumbo langu linaongea. Nikasema kabichi. Nikapunguza sauti.

Jiwe la kwanza nilitabiri litapita. Likapita. La pili litagonga la njano. Likagonga. Lorne akaacha kutafuna. Akasema, “Metro, huyo Stefka anakunong'oneza nini?” Stefka, nilikaribia kuacha. Lakini sikuacha. Mshindi ni wa kwanza kufikisha mawe kumi, na kufikia jiwe la mwisho nilikuwa na tisa, yeye nne.

Jiwe la mwisho ni la nahodha wetu. Likiingia, jimbo letu la Saskatchewan ni bingwa. Nilipaswa kusema kwa utulivu: litaingia. Basi. Neno moja.

Redio ikalipuka sikioni. Tumeshinda! Nikaruka, nikapiga makofi, nikamkumbatia Lorne, nikaimba. Kwenye televisheni nahodha alikuwa bado anafuta kiatu.

Kofia ikaanguka. Waya ukachomoka. Redio ikadondoka kutoka kwenye sweta, ikatangaza mabingwa wapya kwa sebule nzima.

Tulikaa, wazee wawili, tukitazama jambo lililokwisha likijiandaa kutokea. Jiwe likaondoka. Wafagiaji wakafagia barafu mbele yake. Sekunde arobaini ni ndefu, Stefka. Likaingia. Lorne akasema pole pole, “Hongera, nabii.” Akachukua kachumbari yake akaenda.

Jumatatu, 9 Machi

Mlango uligongwa saa sita. Lorne, na sufuria. Haikuwa tupu. Kabichi iliyoviringishiwa wali, nyeusi chini, nyeusi juu, katikati mbichi.

Akasema ulimwazima, hukumpa. Akasema yeye angeirudisha wiki ya mazishi, lakini hapa kwetu nani anarudisha chombo cha mtu kitupu? Na yeye hajui kupika. Amejaribu mara nne. Mara tatu alimwaga nyuma ya gereji. “Niliona aibu, bwana. Ya Stefka niliila mpaka nikalamba, nirudishe na nini, chumvi?”

Nikageuza sufuria. Utepe upo. Amekuwa akiosha ndani tu. BAZIUK, na mkia wa kuku.

Tulikula sehemu ya kati. Nilimwambia angeniambia tu. Akasema nami ningemwomba tu. Kweli kabisa. Mambo ni rahisi mtu akifungua mdomo.

Alipotoka nikamsindikiza mpaka jikoni kwake. Ukutani pale nikaona mwiko wako mkubwa, ule wenye pembe iliyoungua.

Jumamosi kuna hoki, na safari hii tutashindania mwiko. Nimeshona mfuko ndani ya kofia. Nimempigia Darlene kuuliza kama sekunde arobaini zinaweza kuongezwa ziwe sitini. Amekata simu. Nitajaribu tena kesho.

Huko uliko, Stefka, unikumbuke.

Metro