Jinsi Lotfi wa Gabès Alivyokitoa Kisima Baharini

Jongeeni, enyi mliokaa na mliosimama, tegeni masikio niwasimulie vita nilivyopigana mimi Lotfi bin Ammar, simba wa ofisi ya maji, mshika kibodi, mmaliza bakuli mbili za lablabi, mchuzi wa dengu, kabla ya saa tatu, ambaye mamaye mzazi hadi leo hajui anafanya kazi gani.

Asubuhi hiyo mzee Khemais, mkulima wa mitende na mikomamanga, aliketi mbele yangu, kofia yake nyekundu magotini. Visima vyake viwili vilikuwa vimeingia chumvi, na mtambo wa kuchimba cha tatu, alioungoja miezi minane, ungefika adhuhuri. Juu yangu ilikuwa kumwonyesha mahali. Basi nikaiamuru kompyuta inifumie gridi: mistari ya mashariki, mistari ya kaskazini na matabaka ya kina, hata ardhi yote ikatwe vijumba kama sega la nyuki, kila kijumba na kipimo chake cha chumvi.

Kompyuta ikanigomea. Mashariki mistari sitini, kaskazini arobaini, vipimo havilingani! Shujaa mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi nikachomoa upanga, nikazifanya pande zote mbili hamsini. Adui akanyamaza, nami nikajipongeza.

Ramani ikatokea. Mzee akainama.

"Lotfi mwanangu, hii buluu si bahari?"

"Ndiyo, Ami."

"Na hii alama ya maji matamu?"

"Ndipo pa kuchimba, Ami."

"Haya. Nichimbe kwa jembe au kwa nyavu?"

Mongia, jirani yangu wa meza, akacheka hadi kahawa ikamtoka puani. "Ewe simba! Umeipa mashariki kiti cha kaskazini. Gridi imekuonya, wewe ukaiziba mdomo!"

"Dada, usinivunjie heshima mbele ya mzee."

"Heshima gani? Umemchimbia mzee wa watu kisima kwenye pweza! Iambie mhimili upi utangulie: i, kisha j. Herufi mbili tu!"

Saa tano na nusu. Simu ya mzee ikalia: mtambo umeshafika shambani, wanauliza waanzie wapi. Akanitazama, na kutazamwa huko kulinichoma kuliko mkuki. Nikarudisha sitini na arobaini. Nikashuka mstari kwa mstari katika programu yangu hadi wa kumi na saba, nikaandika herufi zile mbili, nikabonyeza.

Loo! Kisima kikatoka majini, kikaivuka barabara kuu, kikatua nchi kavu upande wa kaskazini-magharibi, tabaka la tisa.

"Hapo ni shambani kwangu," mzee akasema polepole, akavaa kofia na kuondoka karibu akikimbia.

Siku ya kumi na moja alirudi na chupa ya maji. Nikanywa. Yalikuwa matamu.

Basi na ijulikane vizazi hata vizazi kwamba Lotfi bin Ammar, kwa herufi mbili, aliinyoosha dunia iliyopinda. Mongia husema herufi hizo alizitaja yeye. Ni kweli. Lakini mwandishi wa historia hii ni mimi.