Vyombo vya Shamila Vilivyorudishwa Getini

Kambi ya Wakata Mkonge,
Korogwe.
7 Agosti 1994.
Mwaka wa saba tangu niondoke Dodoma.

Mlezi wa Bweni la Wasichana,
Chuo cha Ualimu Kisimani,
Dodoma.

Ndugu Mlezi,

YAH: KURUDISHWA KWA VYOMBO VYA MWANANGU SHAMILA HANIFU

Pokea salamu kutoka huku kwenye mkonge. Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama mimi ndiye niliyekuzidi, basi hiyo shikamoo niwekee, tutaelewana siku tukionana. Mimi ni baba yake Shamila. Shule niliiachia darasa la sita, kwa hiyo ukikuta nukta imekaa pasipo pake, iruke uendelee kusoma.

Nakuandikia kwa uchungu lakini kwa adabu. Dada yangu Mwajabu wa Majengo, ambaye ndiye aliyemlea Shamila tangu mama yake alipofariki, ameniletea habari kwamba siku ya kuripoti chuoni walifika getini kwenu na vyombo vyote, na wewe mwenyewe, Bi Frida, ukatoka nje, ukavitazama, ukasema virudi. Vikarudi. Tangu siku hiyo Mwajabu hapiti sokoni. Nami najua kwamba usajili wenu unafungwa Ijumaa ya tarehe kumi na tisa, na msichana ambaye hadi siku hiyo hajaingia, nafasi yake anapewa mwingine. Kwa sababu hiyo nimekaa kitako Jumapili hii, siku yangu pekee ya kunyoosha mgongo, nikuwekee malalamiko yangu kwa namba.

1. Orodha yenu haikuwa kamili. Iliandika shuka mbili, blanketi, chandarua, ndoo, jembe lenye mpini na fagio la chelewa, halafu mwisho ikaandika "na mahitaji mengine ya kawaida ya msichana". Ndugu Mlezi, maneno hayo pengine mahali pengine hayana madhara. Kwa Majengo ni hatari. Kwetu msichana hatoki nyumbani na mzigo isipokuwa mara moja tu, siku anayoolewa, na mahitaji ya siku hiyo kila mwanamke anayajua kwa moyo, hata asiyejua kusoma. Kina mama wa mtaa walipomaliza kusomewa orodha yenu wakasema hawa watu wa chuo wameanza vizuri, ila wamesahau kitanda.

Zamani ingekuwa nafuu. Wakati naondoka huko, sabuni ilikuwa ya foleni, na bibi harusi alipelekwa na sufuria mbili na dua. Sasa biashara imeachiwa, naambiwa Majengo kuna kila kitu mpaka maua ya plastiki, na wale wanawake walikuwa na kiu ya miaka mingi. Wakanunua kitanda cha sita kwa sita. Wakanunua dresingtebo, kabati la vioo na vyombo vya kulijaza, chupa za chai za Kichina, jiko la mkaa, kinu na mchi wake, zulia, chetezo cha udi, redio kaseti na kitambaa chake cha kuifunikia, na mapazia ya dirisha ambalo hawajawahi kuliona. Ndoo yenu nayo ilikuwepo. Jembe walilifunga utepe.

2. Namna ya kurudisha haikuwa ya kiungwana. Vyombo vilipakiwa kwenye pikapu ya jirani yao Hassani, bila turubai, maana turubai lingewazuia watu kuona. Mbele matarumbeta, nyuma kina mama kwa kanga za sare. Wakalizunguka soko, wakapita kituo cha basi ambako hawakuwa na haja ya kupita, ndipo wakaja kwenu. Mlinzi akamwambia Mwajabu kwamba hiki ni chuo cha serikali, si nyumba ya mtu. Mwajabu akamjibu kwamba hata huyu mtoto hakuokotwa jalalani. Mlinzi akauliza kitanda ni cha nini na vitanda vipo. Akaambiwa vile vya ghorofa ni vya meli na jeshi, na mtoto akidondoka usingizini, je, yeye mlinzi ndiye atakayemwandikia baba yake? Hapo ndipo ulipotoka wewe.

Silalamikii kukataa. Mtu anaweza kukataa. Lakini vyombo vikikataliwa hurudishwa kwa njia ya nyuma, vimefunikwa, kimya kimya, kama vile vilikwenda kutengenezwa. Ninyi mliwaacha warudi kwa barabara ile ile, mchana, na wapiga matarumbeta, ambao walikuwa wamekodiwa kwenda na kurudi, wakaendelea kupiga. Watu wa sokoni ambao asubuhi walipiga vigelegele hawakujua sasa wapige nini.

3. Mmemkataa somo. Bi Joha ni somo wa mtaa mzima, mabinti wengi wa Majengo wamepita mikononi mwake, na desturi inamtaka akae na msichana siku saba za mwanzo, amzoeshe na watu wa nyumba ile. Mama wa watu alikuja na mkeka wake na dawa yake ya kifua, yuko tayari kulala chini baina ya vitanda. Mkamwambia wageni mwisho saa kumi na mbili jioni. Sasa nani atamfundisha Shamila asile haraka mbele ya wenyeji wake? Nani atamnong'oneza kwamba Mkuu wa Chuo akinyamaza vile amekasirika, na akinyamaza hivi ana njaa?

4. Wenzake wa chumbani. Nasikia alikuwa amepangiwa chumba ambacho tayari kina wasichana watatu. Nimehesabu, Shamila ni wa nne, kwa hiyo mmebaki ndani ya sheria, na hilo nawashukuru. Lakini waliotangulia hupashwa habari, na anayekuja huulizwa. Hakuulizwa.

5. Baada ya kuyatazama hayo yote nimeona kwamba chuo chenu ni mume. Usishangae, fuatana nami taratibu. Mnamlisha. Mnampa pa kulala. Akitaka kutoka lazima aombe ruhusa, akichelewa anaulizwa alikuwa wapi na kwa nani. Akiugua mnampeleka hospitali. Ndugu zake wakija, wanakaa kidogo na kuangaliwa saa. Niliwasomea wenzangu hapa kambini mambo hayo, na wote walio na wake wamekiri kwamba wao hawajafikia kiwango hicho. Basi mume anaporudisha vyombo vya mwanamke mpaka kwao, na tarumbeta juu, hilo lina jina lake. Naomba mniletee talaka kwa maandishi, yenye mhuri, na ndani yake muandike sababu, kwa kuwa Majengo wanauliza mtoto ana kasoro gani. Wengine wamesema anakoroma. Hakoromi.

Nilikuwa na hofu zaidi, kwamba huenda sasa inambidi akae eda, na eda ingeipita ile Ijumaa ya usajili kwa mbali sana. Nikaenda kwa Shehe Abdulnasiri wa msikiti wetu wa kambini. Alicheka kwanza, tena muda mrefu kuliko ninavyoona inafaa kwa shehe, halafu akasema kwa kuwa msichana hakuwahi kuingia chumbani, eda hakuna. Hapo tu ndipo nilipopata nafuu.

6. Hili la sita sitalifanyia mzaha hata nikitaka. Kuna bwana mmoja pale Majengo anaitwa Jaha, mwenye mashine ya kusaga. Ana wake wawili na nyumba ya mabati. Siku pikapu iliporudi alikuwa amesimama mlangoni kwa mashine yake, mweupe wa unga mpaka kope, akahesabu kila kilichopita. Jioni yake akatuma mtu kwa Mwajabu kusema kwamba amesikitika, na kwamba yeye anacho chumba ambacho kitanda cha sita kwa sita kinaingia bila kufunguliwa miguu. Mwajabu hajamjibu. Lakini namjua dada yangu. Amezungukwa na kabati, zulia na dresingtebo ndani ya chumba chake kimoja, anaruka mchi kila akienda kuchota maji, na majirani wanamwuliza habari za mkwe. Mtu akikaa hivyo wiki mbili, bwana mwenye chumba kikubwa anaanza kuonekana ana busara.

Mimi mikono yangu imechanwa na miiba ya mkonge mpaka siwezi kukunja ngumi. Sikuja huku ili Shamila atoke nyumba ya shangazi yake, avuke barabara, aingie kwa Jaha, awe wa tatu wa kukung'uta magunia. Alipokuwa mdogo alikuwa akiwapanga kuku wa Mwajabu mstari mmoja na kuwafundisha kuhesabu, na aliyekosea alimrudisha nyuma. Huyo ni mwalimu. Mnipokelee huyo.

7. Kwa hiyo naomba yafuatayo, na nimeyapunguza. Mkuu wa Chuo, akiwa na watu wazima wawili na doti moja ya kanga, aende Majengo kumtaka radhi Mwajabu na kumchukua Shamila. Aende na gari la chuo, apige honi kuanzia sokoni. Matarumbeta tutaleta sisi. Pili, ukuta baina ya chumba alichopangiwa na chumba cha jirani ubomolewe ili kitanda kiingie, na wale wenzake watatu waruhusiwe kukilalia, tunawakaribisha kwa moyo mweupe. Kama kubomoa kunachukua muda, jengeni kibanda nyuma ya bweni cha kuwekea kabati na kinu, na Mwajabu yuko tayari kukilinda usiku na mchana kwa chakula tu. Kama hata hilo ni gumu, basi bweni zima lihamishiwe kwa Mwajabu, vyombo vipo tayari, walimu waje huko na ubao wao. Tatu, Bi Joha apewe siku zake saba. Akipewa saba atatosheka. Akinyimwa, atakuja kila siku mpaka mwaka wa pili.

Nisalimie Mkuu wa Chuo na nyumba yake. Nisalimie wale wasichana watatu, waambie sina ugomvi nao, wametangulia tu. Msalimie mlinzi wa getini, majibu aliyopewa ayasamehe, ni ya siku ya shughuli. Wapishi wote, walimu wote, na yeyote hapo ambaye kwao ni Majengo, mpe mkono.

Ni mimi, mwenye kusubiri jibu lako kabla ya tarehe kumi na tisa,

Hanifu Mustapha,
Baba wa Shamila.

N.B. Ndugu Mlezi, nimechelewa kuifunga barua hii na sasa mambo yamegeuka. Mwenzangu Kefa, mtu wa Mvumi ya huko Dodoma, amerejea kutoka likizo jioni hii, na kabla hata hajashusha begi amenipa habari kwamba jana alipita chuoni kwenu, na Shamila akaja getini kumwona, amevaa sare.

Anasema Shamila hakurudi na vile vyombo hata kidogo. Yuko ndani tangu siku ile ile, ameshasajiliwa, analala kitanda cha juu. Mwajabu aliandika kwamba vyombo vimerudi, na alipo Shamila mwenyewe hakuandika neno. Shamila ndani ya pikapu nilimpandisha mimi kwa mawazo yangu, kwa sababu kwetu vyombo haviendi safari peke yake. Tena anasema wewe hukukataa kwa kichwa chako. Ile asubuhi, kina mama wakiwa bado wanavaa kanga zao, mtoto alikimbia peke yake mpaka kwako akiwa na ndoo yake, akakuomba utoke ukavirudishe wewe, maana yeye mwenyewe asingeweza kuyasema hayo mbele ya shangazi yake. Nawe ukakubali kutukanwa na Majengo nzima kwa ajili ya mtoto usiyemjua.

Kefa alimwuliza anitumie salamu gani. Akamwambia: "Mwambie baba vyombo vikae kwa shangazi. Siku nikivihitaji nitavifuata mwenyewe. Na Jaha asinisubiri."

Kwa hiyo namba moja mpaka saba zifute, isipokuwa salamu. Ukuta uacheni. Talaka siitaki tena, na kama mlishaanza kuiandika, ichaneni. Barua hii nilikuwa niichane na mimi, lakini nimeituma hivyo hivyo, kwa sababu imenila Jumapili nzima, na kwa sababu ni vizuri ujue kwamba huyo mtoto ana watu. Kwa Mwajabu nitaandika kesho, nimwambie avitumie vile vyombo, apikie lile jiko na alalie kile kitanda, kabla Jaha hajapata maneno mengine.

Mimi natarajia kufika Dodoma Desemba, kabla ya mvua za kupandia. Nitaanzia hapo getini kwenu. Majengo nitakwenda baadaye.