Majogoo Wawili wa Bonde Lisilo na Upande

Jumatatu, 3 Mwezi wa Matufaha

Nina upande. Haya, nimeliandika. Sijamwambia mtu, hata Mama, hata mbuzi.

Katika bonde hili ni afadhali ukutwe umeiba. Mfalme na Shangazi yake wanagombania kiti tangu sijazaliwa. Askari wa Udugu wa Ngao Tupu hawamsaidii huyu wala yule, na ndiyo maana wote wawili wamewaachia ardhi hii. Sisi tunailima kwa sharti hilohilo: hakuna upande.

Mimi ni wa Shangazi. Masika nilianguka topeni mbele ya msafara wake. Mpiga ngoma mmoja akanivuta, akaniuliza jina, akalitaja sawasawa: Radegunda. Hapa kwetu mimi ni "yule binti wa Osmeri". Basi nikawa Mwekundu, kama wanavyoitwa watu wa Shangazi; wa Mfalme ni Weupe.

Shule nimemaliza. Ijumaa Udugu unachagua mlinzi mpya wa malango ya ngome yao, na familia ya mlinzi ndiyo hulima shamba la mtoni. Tumelilima tangu enzi za bibi. Nikikosa mimi, atapata Tiburja, binti wa fundi mapipa. Baba ameacha kula.

Jumanne, 4

Tiburja ni hatari. Leo Kamanda Harduini alituuliza kipi kitamu zaidi, tufaha au pea. Tiburja akajibu kwamba vyote vina mbegu. Wazee wa ngome nusura wampigie makofi. Mimi nikasema, kwa sauti ya panya, kwamba tufaha sijawahi kuonja.

Nimezaliwa chini ya mtufaha. Kamanda anaujua mti wenyewe.

Jumatano, 5

Mpango! Kila mtu ana upande, anahitaji kuchokozwa tu. Kesho nitamwachia jogoo wetu mwekundu uani kwa fundi mapipa, pamoja na jogoo mweupe wa mjane Aldisa. Watapigana. Tiburja atashangilia mmoja. Kamanda atasikia, kwa kuwa nimemwomba Mama amtumie habari kwamba pipa lake liko tayari. Mama akauliza tangu lini nafuatilia mapipa. Nikaenda kukamua mbuzi.

Alhamisi, 6

Maafa.

Majogoo walipigana vizuri mno. Watu wakajaa. Kamanda akafika. Tiburja ameketi zake, anasuka kikapu, hata jicho hainui. Mara yule mweupe akampanda wetu mgongoni. Nikasikia mtu anapiga kelele, "Mrarue, Mwekundu! Kwa ajili ya Shangazi!"

Mtu huyo alikuwa mimi.

Hata majogoo waliacha kupigana.

Kamanda hakukasirika. Sheria ya Udugu ni kwamba ukishangilia upande mmoja, unashangilia na wa pili, palepale, kwa sauti ileile, ndipo mizani inakaa sawa. Akanipandisha juu ya pipa. Mimi! Niliyeshinda na kiu darasani kwa kuogopa kunyoosha mkono.

Nikanong'ona kwamba Mweupe naye amrarue.

"Sauti ileile, mwanangu," akasema Kamanda.

Nikapaza. Machozi yananitoka, nikapaza tena, kwa ajili ya Mfalme, hadi mbwa wa ngomeni wakaitikia. Jogoo mweupe akashtuka, akakimbia, akajificha chini ya sketi ya Tiburja.

Tiburja akacheka mpaka kikapu kikamdondoka. "Jogoo gani huyu? Mwoga kama Mfalme mwenyewe!"

Kamanda akamwonyesha pipa. Akapanda, akatangaza kwamba Shangazi naye ni mwoga. Sauti ileile. Nilifurahi kwa siri, kisha nikakumbuka kuumia kwa ajili ya Shangazi.

Ijumaa, 7

Uamuzi. Wote wawili tumekosea, wote wawili tumesawazisha, kwa hiyo tuko sawa. Na Udugu hauwezi kuchagua kati ya watu walio sawa, maana huko ni kuwa na upande. Tumechaguliwa wote! Tiburja amepewa lango la mashariki, wanakoingilia Wekundu. Mimi la magharibi, la Weupe.

Shamba limegawanywa katikati kwa kamba. Kamba imepita juu ya banda la nguruwe, hivyo nguruwe wetu analala kwetu na kula kwao. Baba amekula, akaomba tena.

Jumapili, 9

Zamu yangu ya kwanza. Akaja mjumbe wa Mfalme, mzee mwenye mafua. Akauacha mkuki nje bila kuambiwa. Akaniuliza jina. Nikaviambia viatu vyake, maana usoni sikuweza kumtazama.

"Radegunda," akasema, sawasawa kabisa. "Jina zuri hilo, binti yangu."

Sasa mimi ni Mweupe. Moja kwa moja! Shangazi ni nani, kwani?

Halafu nimewaza: ile nusu nyingine ya shamba inaweza kurudi. Kinachotakiwa ni mabata wawili, na Tiburja akae karibu.

Wewe unayesoma haya, nakusihi, usimwambie mtu. Hasa Kamanda. Lile pipa bado liko palepale uani.