Moto Usio na Kitenzi Hauzimwi

Umma unatangaziwa kwamba kuanzia sasa Kikosi cha Zimamoto hakitazima moto wowote ambao kitenzi chake hakijatambuliwa.

Tangazo hilo nililisoma mimi mwenyewe kwa kipaza sauti, nikiwa juu ya gari, mtaa kwa mtaa. Watu walitupungia mikono. Nadhani walifikiri tunagawa kitu.

Mimi ni mpokea simu wa Kikosi, na kwa kuwa kuna watu mitaani wanaropoka wasichokijua, nieleze mfumo ulivyo. Gari letu ni moja, na linakunywa dizeli kama limetoka jangwani. Zamani mtu alipiga simu akisema nyumba inaungua, gari likatoka mbio, likifika linakuta ni sufuria imeachwa jikoni. Bwana Mkurugenzi akaunda kamati. Kamati ikakaa hotelini mpaka hoteli ikaichoka, na mwishowe ikagundua kwamba kosa lote ni la Kiswahili. Neno "inaungua" limebeba kitu, wakati na tendo kwa mpigo, kama abiria watatu juu ya pikipiki moja. Huwezi kumkagua mmoja bila kuwasimamisha wote. Kiingereza kinakuja vipande vipande: kitenzi kisaidizi mbele, kitenzi kikuu nyuma, kila mmoja na kiti chake. Ofisi inapenda mambo hayo.

Kwa hiyo anayepiga simu anatakiwa kutoa sentensi moja ya Kiingereza, kisha anwani, basi. Salamu haziruhusiwi. Majina hayaruhusiwi. Vyeo ndiyo kabisa, maana vyeo huleta upendeleo. Kazi yangu ni kuipasua hiyo sentensi. Kitenzi kikuu kinaniambia tubebe nini: akitaja "burn" tunabeba mpira wa maji, akitaja "fall" tunabeba ngazi na machela. Lakini anayeamua kama gari litoke ni msaidizi. Mtu akisema "is burning", yule "is" anathibitisha kwamba moto unaendelea, gari linatoka. Akisema "has burned", moto umeshamaliza shughuli zake, tunampa pole ya kiserikali na kuokoa mafuta. Akisema "will burn", huo ni moto mtarajiwa, anaunganishwa na kitengo cha mipango, nao humuuliza tarehe. Na akitanguliza "may", "might" au "could", basi hata yeye mwenyewe hana hakika, na habari yake inakwenda kwenye faili la tetesi.

Wananchi waliupokea mfumo vizuri. Kinyozi wa jirani aliandika IS BURNING kwenye kioo chake, pembeni ya picha za mitindo, ili siku akiungua asianze kutafuta maneno. Takwimu zetu zilionyesha ongezeko kubwa la paka wanaoungua juu ya mapaa, kwa sababu watu walishagundua kwamba paka aliyekwama tu hapati gari.

Kasoro ilijitokeza moja, na ikaniangukia mimi. Shangazi yangu ana saluni. Siku moja draya ya nywele ilishika moto, akapiga simu na kupaza sauti: "Saloon burn." Kitenzi kikuu kipo, msaidizi hayupo. Mimi, kwa udhaifu wa damu, nikatoa gari. Likarudishwa njiani kwa redio. Bwana Mkurugenzi aliniita ofisini, akanikaribisha kiti, akaniambia kwa upole mkubwa kwamba gari likitoka tena nje ya utaratibu, huenda nikajikuta nakaa nyumbani na wazazi wangu mchana kutwa. Wewe humjui baba yangu. Ningeona afadhali kuungua.

Moto wa saluni shangazi aliuzima mwenyewe kwa maji ya kuoshea nywele, wateja wakiwa wamejaa povu kichwani. Nilipokwenda kumweleza kistaarabu kwamba sentensi yake ilikosa msaidizi, aliniangalia kuanzia viatu kupanda juu.

"Msaidizi," akasema, "mimi nilidhani ni wewe."

Mwananchi ana haki ya kutoelewa taratibu.

Sasa nimtambulishe Bwana Mkurugenzi vizuri. Mtaani wanamwita Bwana Huenda, na wanamwita hivyo kwa heshima. Mtu huyu alipanda kutoka ukarani hadi kiti kikubwa bila kutamka hata mara moja neno ambalo angeweza kushikwa nalo. Ukimkuta ameshika mwavuli unaochuruzika ukamuuliza kama mvua inanyesha, atakujibu kwamba dalili za unyevu huenda zikawa zimejitokeza. Kwa Kiingereza ndiyo usiseme. Ilikuwa wazi kwa kila mtu kwamba ndiye atakayekuwa Kamishna wa nchi nzima. Kilichobaki ni Katibu Mkuu wa wizara kuja kuuona mfumo kwa macho yake, na mfumo usiharibike mbele yake.

Siku hiyo chumba cha simu kilipakwa rangi, hata kuta ambazo hazionekani. Simu yangu iliunganishwa na spika ili wageni wasikie. Katibu Mkuu, mama mwembamba wa miwani asiyecheka ovyo, alikaa kiti cha mbele. Sote tulikuwepo isipokuwa mwenyeji wetu, Bwana Mkurugenzi. Baadaye tulikuja kujua kwamba alikuwa nyumbani anapiga pasi suti yake kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu hakumwamini mtu na mikunjo ile, na huku anapiga pasi anafanyia mazoezi hotuba.

Simu ikalia. Sauti niliijua kama ninavyoijua ya baba yangu.

"Some smoke may be emerging," ikasema, ikataja anwani.

Mkono wangu ukaenda kwenye kengele. Kisha akilini nikamwona baba sebuleni, na mimi pembeni yake, mchana kutwa. Mkono ukarudi. Nikamshukuru mpigaji, nikakata. Katibu Mkuu akaniomba nimchambulie. Nikamweleza kwamba "emerging" ni kitenzi kikuu, "may" na "be" ni wasaidizi, na kwa kuwa "may" ndiye aliyetangulia, huo moshi ni tetesi. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Simu ikalia tena. Safari hii ilianza na kikohozi. "The curtains could be experiencing some heat." Dereva wa gari, aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, akanikodolea macho. Nikamwandikia mpigaji tetesi ya pili.

"Huyu bwana," Katibu Mkuu akauliza, "hawezi tu kusema anachokiona?"

"Mheshimiwa, tangu niajiriwe sijamsikia akifanya hivyo."

"Kumbe unamfahamu."

"Waraka wa mfumo hauniruhusu kumfahamu, Mheshimiwa."

Mara ya tatu alisema kwamba hatua fulani "might be required", kisha akasahau Kiingereza chote akasema kwa sauti ya kulia, "Kijana, ni mimi." Nikamkumbusha kwa adabu kwamba majina na vyeo haviruhusiwi. Wageni wengine wakapiga makofi. Walisema hawajawahi kuona kijana asiyeyumba hivyo.

Ndipo ikaingia simu ya mwanamke. Hakukohoa wala hakuhema. Alikuwa mtulivu kama mtu anayesubiri kuhesabiwa chenji.

"My husband is burning the house."

Jamani. "Is", msaidizi. "Burning", kikuu. Sentensi iliyonyooka kama rula. Nikabonyeza kengele, na dereva alikuwa ameshafika kwenye ngazi kabla haijamaliza kulia.

"Na mtendaji wa kitenzi hicho ni nani?" Katibu Mkuu akauliza.

"Mume, Mheshimiwa."

"Kwa anwani ipi?"

Nikaisoma. Ilikuwa ileile ya tetesi zote tatu. Ofisa mmoja wa itifaki, ambaye ndiye aliyempelekea Mkurugenzi mwaliko wa siku hiyo, akaanza kuangalia dari.

Nyumba ilipona. Pazia na meza ya pasi havikupona. Bwana Mkurugenzi aliletwa na gari la zimamoto lenyewe, amekaa pembeni ya dereva, masizi usoni, na mgongoni mwa koti tundu lenye umbo la pasi kabisa, mpaka ncha. Akawasalimu wageni, akaeleza kwamba huenda kulitokea hali fulani ya joto. Kisha akamgeukia Katibu Mkuu na kuuliza, kwa tabasamu, kuhusu lile suala la ukamishna.

Mama akavua miwani, akaifuta, akamshika mkono. Alisema mfumo umemfundisha mengi, na sasa atamjibu kwa utaratibu wa mfumo.

"You may be called," akasema, polepole, neno kwa neno.

Kwa mazoea, nikavuta faili la tetesi. Bwana Mkurugenzi peke yake ndiye aliyefurahi. Alinisogelea, bado ananuka pazia, akaninong'oneza nisiitumie simu kwa muda.